Mikono Safi ya Mwenyekiti

Mtani wangu Saidi,

Siku ya msiba wako nililala kitandani kwako na viatu vyangu, kama utani unavyoniruhusu, nikapiga kelele: "Njooni mumwone muuaji! Kaua watu maisha yake yote kwa kalamu, leo kafa kwa homa tu!" Wanawake walicheka huku wanalia. Mkeo alinirushia mto. Nikadhani nimekuaga vizuri.

Sijakuaga. Nina hasira, Saidi, na sina mwingine wa kumwambia.

Yule bwana wa kamati ya vitabu, aliyekuwa akiziita hadithi zako porojo za upelelezi, alikuja kwenye arobaini yako Mikindani. Alisimama barazani kwako akakusifu kwa darasa la watu wazima, kwa shamba la ushirika, hata kwa vyoo vya shule. Juu ya Bi Somoe, yule mjane wa hadithi zako anayewakamata wauaji kwa kutazama mikono yao, hakusema neno. Wala juu ya makala zako za uhakiki. Wewe ndiye uliyeandika kwamba mtunzi wa upelelezi analazimika kuwa mwaminifu kuliko watunzi wengine wote, maana ukweli lazima auweke mezani tangu mwanzo. "Usimdanganye msomaji," ulikuwa ukiniambia. "Mwache ajidanganye mwenyewe." Nimesoma vitabu vingi, vya hapa na vya ng'ambo. Sijaona aliyelisema jambo hilo vizuri hivyo.

Juzi bwana huyo akaniita. Wamekubali kuichapa ile hadithi ya korosho! Nusura nimkumbatie. Kisha akatoa sharti: muuaji asiwe mwenyekiti wa kijiji. Awe mfanyabiashara. "Mzee wangu, wewe unaijua kalamu yake. Badilisha kurasa mbili tu za mwisho."

Kurasa mbili! Huyo korosho amezijulia kwenye sahani. Katika hadithi yako, siku mtunza ghala anauawa, kijiji kizima kinasema kilishinda kikibangua korosho, na mwenyekiti naye anasema hivyo hivyo. Lakini mafuta ya ganda yanaunguza vidole na kuviacha vyeusi, hata ukijipaka majivu. Mwenyekiti anapokea kikombe cha chai kwa mikono safi, mwanzoni kabisa, mbele ya macho yetu. Mfanyabiashara hajawahi kubangua hata moja. Mikono yake kuwa safi kunathibitisha nini? Ukibadilisha muuaji, Bi Somoe anakuwa mpumbavu, na wewe mwongo.

Nilimweleza yote hayo. Akatabasamu. "Nani atagundua, mzee?"

Nani atagundua!

Unakumbuka tulipohamishwa kutoka bonde la Ruvuma, mikorosho yetu tukaiacha na maua yake? Tulikalishwa juani kwenye kijiji kipya tukingoja kuonyeshwa viwanja. Ukaanza kusimulia kisa cha Bi Somoe, eti watoto wasilie. Watoto walilala. Ni watu wazima waliogombana juu ya muuaji mpaka jua likazama, na bibi mmoja wa Kimakua akakufokea, "Wewe, usituone wajinga, aliyemuua ni shemeji yake!" Ukacheka mpaka ukakohoa. Alikuwa amepatia. Siku ile kila mtu alituhesabu kama mizigo. Wewe peke yako ulituchukulia kuwa tuna akili.

Nimekataa. Akasema basi, haitachapwa.

Kurudi kwa mkeo ndiko kulikoniogopesha, maana alitamani mno kuliona jina lako juu ya jalada. Alinisikiliza, akaendelea kupepeta mchele. Kisha akasema, "Shemeji, kalichukue kwao hilo daftari la hadithi yake. Mume wangu hakuwa mwongo."

Nimelichukua. Liko hapa kwangu Rahaleo, chini ya mto wangu.

Lala sasa, mtani. Msimu huu, wanawake wa Ufukoni wakikaa kubangua, nitakwenda na kigoda changu niwasomee hadithi yako neno kwa neno. Nikifika kwenye zile kurasa mbili nitalifunga daftari niwaulize nani kaua. Sitawasaidia. Nitangoja tu, mpaka mmoja wao aitazame mikono yake.