Kwa Ostap Hrynkiw, Uliyekaa Nje Siku ya Kura

Mwaka umezunguka, Ostap, ngano imepandwa na kuvunwa, tangu ulipovua buti mlangoni ukasema unajinyoosha kidogo kabla ya chakula. Hukuamka tena.

Lakini bado unakuja. Mkeo Paraska anakuona usingizini umesimama bustanini, theluji inaangukia kabichi mbichi, nawe huoni ajabu. Unauliza tu vitumbua vyetu vya kuchemsha vyenye viazi ndani, "Vareniki zimebaki?" Zimebaki, baba. Unakula wima, kama enzi zile ukiwahi bungeni, mjini Regina.

Huko ulikuwa kiongozi wa upinzani katika bunge la jimbo letu. Mchana unamchachafya waziri, jioni unamuuliza kama ng'ombe wake wamezaa salama.

Tunakumbuka siku ya bajeti. Gordon Pruden, mbunge wa serikali, alikupigia simu kutoka hospitali, mkewe yu mahututi. Desturi yenu ilikuwa kwamba upande mmoja ukikosa mtu kwa msiba au ugonjwa, upande wa pili nao unamweka mmoja nje. Ukamwambia, "Kaa na mkeo, Gordon. Nimeshasema."

Watu wako wakawaka. "Mzee, leo tunawaangusha! Kesho wewe ndiye waziri mkuu wa jimbo!"

"Nani atakaa nje?" ukauliza.

Kila mmoja akainamia karatasi zake.

"Haya. Natoka mwenyewe."

Ukakaa kwenye benchi la korido, kofia magotini. Kura zikalingana, Spika akaiokoa serikali kwa kura yake ya kuamua. Kabla theluji haijayeyuka, chama kikakuvua uongozi. "Rudi kwenye trekta lako, mtakatifu!" wakakucheka.

Korido ile Paraska huiota pia. Mlango wa bunge unafunguka wenyewe, taratibu, na ndani hamna viti wala watu, ni ngano tu inayumba.

Alikuuliza mezani, "Hujuti, mume wangu? Ulibakiza hatua moja tu."

Ukapuliza supu yako ya bitiruti. "Yule mama alikufa kashikwa mkono na mumewe, Paraska. Nipe chumvi."

Juzi simu ililia. "Shemeji, nasikia mnamwandikia Ostap. Niwekeni na mimi, hata chini kabisa."

"Chini ufanye nini, Gordon? Kuna nafasi kwa ndugu zake."

Unakumbukwa na mkeo Paraska, wanao Oksana na Taras, wajukuu wote, na ndugu zako: Harasym, Petro na Gordon.

Hatutakusahau, Ostap, siku zote za maisha yetu.