Servo mbili za mkia

Ijumaa, Quitunda

Zilikuwa zinapigana, na nilimwambia mwalimu. Ndege yetu kubwa ya rimoti ina servo mbili, mota ndogo zinazovuta kipande kimoja cha mkia. Wiki nzima nilizilinganisha kwa rula. Leo mwalimu Amade akazirekebisha kwa macho tu, moja ikaanza kulia.

"Profesori, hazivuti sawa."

"Msomi wee! Wageni wa kampuni ya gesi wanaungua na jua. Rusha!"

Nikairusha. Ikaanguka mbele yao. Akawaambia servo nilizipanga mimi. Na wao ndio wanaochagua wa kwenda chuo Pemba. Nikainama kuokota vipande vya mkia.

Mama, aliyehamishwa shambani kwake kwa ajili ya gesi hiyohiyo, ameniuliza imekuwaje.

Nimemjibu ni upepo.