Taa ya Hanuka ya Vifuniko vya Soda

Mjukuu wangu Raheli,

Hapa Harrow tu wazima, bibi yako ananigombeza kama kawaida. Unauliza kama taa yako ya vifuniko vya soda ya Hanuka, sikukuu yetu Wayahudi ya kuwasha mishumaa, ni takataka, eti mjomba wako huko Nakuru kasema! Nimepandwa na hasira mpaka chai imenipalia. Mwambie anipigie simu, kama ana ubavu.

Mimi, fundi bomba hodari London nzima, nilimposa bibi yako kwa taa ya Hanuka ya nati tisa za bomba, kila moja na mshumaa wake. Mama yake akafoka, "Mbona zote ziko sawa? Mshumaa unaowasha wenzake hukaa juu!" Nikanuna, nikaichukua niondoke. Akanizuia, akaokota kifuniko cha jemu kwenye pipa la takataka, akakiosha, akakiweka chini ya nati ya tisa.

"Haya, mkwe wangu, washa."

Babu yako, bado nimekasirika