Kabla ya Kununua Ekrani

Furaha, mjukuu wangu uliyeko Lubumbashi,

Huku Uvira tuko wazima. Babu yako anakohoa kidogo na kusema sana. Unaniuliza ekrani gani ya kompyuta haitakuumiza macho. Kompyuta siijui, lakini macho nayajua.

Nilipoanza kushona sokoni, niliweka mashini ikielekea ziwa, nifurahie maji. Jua likipanda upande wa Bujumbura, maji yanang'aa kama bati jipya, nami natoa machozi. Niliamini ninapofuka na kazi inaniponyoka. Asubuhi moja mwalimu alikuja kuchukua suruali yake, akanitazama.

"Weye dada, unalilia suruali yangu?"

"Hapana, mwalimu. Ni macho, yanakufa."

"Geuza kiti kwanza. Yakiendelea kufa, tutayazika."

Nikageuza. Kufika adhuhuri, nilikuwa natunga uzi bila kuomba msaada.

Basi dukani, kaa mbele ya ekrani ikiwa imezimwa. Ukijiona vizuri ndani yake, hicho ni kioo, waachie warembo. Ikiwashwa, jaribu kama mwanga wake unaweza kupunguzwa.

Lakini usitoke bado kwenda dukani. Niambie: ukikaa kazini, dirisha liko upande gani?

Koko wako, bibi anayeona mpaka leo