Kuvusha Ng'ombe wa Mahari

Jumatatu, 4 Novemba 1957
Chai, kisha mtoni tena. Maji bado yamejaa. Ng'ombe wa mahari wako upande huu nami, mchumba wangu Hawa yuko ng'ambo, Garsen. Baba yake, Mzee Wario, hana mchezo: wafike wote wazima Alhamisi, ama nikaha ya Ijumaa hakuna.

Jumanne, 5 Novemba
Kule ng'ambo ukingo uko wima. Mteremko wa kutokea mifugo ni mmoja tu, baada ya kona. Nimetupa kibuyu majini nione kitakwenda wapi. Kimeupita mteremko, kwaheri. Nimepanda juu zaidi, nikatupa kingine. Nacho kimepotea. Cha mwisho mkondo umekivusha wenyewe hadi mteremkoni kabisa! Nimechomeka kijiti nilipokitupia: ng'ombe wataingilia hapo. Najiona fundi. Komora, Mpokomo mwenye mtumbwi, anacheka tu: namaliza vibuyu vya mama.

Jumatano, 6 Novemba
Nikifumba macho nawaona ng'ombe: wanaingia, wanabebwa, wanatokea palepale. Raha tupu.

Alhamisi, 7 Novemba
Lo! Kibuyu hakiogelei. Ng'ombe anaogelea! Mimi Muorma, nimezaliwa zizini, nimesahau hilo. Fahali wa mbele ameona majani mabichi ng'ambo, akakata maji moja kwa moja, wenzake nyuma. Nimepiga kelele hadi sauti imekauka. Komora akapiga maji kwa kafi. Wapi! Wametokea juu kabisa, kwenye kijia cha kuchotea maji, ndani ya shamba la Mama Hadulo, shangazi yake Komora. Wote wazima. Wote wanakula mahindi yake machanga.

Mama Hadulo akalia. Mzee Wario akaja mbio, akatazama, akasema ng'ombe wa binti yake hawaingii bomani na kilio cha mtu. Shamba lipandwe upya kwanza. Na nilipande mimi. Sijawahi kushika jembe maishani.

Nimelima hadi giza. Komora ananifundisha huku ameshika mbavu.

Ijumaa, 8 Novemba
Alfajiri shambani tena. Mama Hadulo amepita mstari kwa mstari, akafukua mbegu, akasema nimezizika kama maiti. Nikarudia. Swala ilipokaribia akasema basi, nenda kaoe.

Nikaha imefungwa! Mzee Wario alinishika mkono kuniozesha, akaukamua. Malengelenge yote yakapasuka. Nikasema nimekubali kwa sauti ya mbuzi. Msikiti mzima ukacheka. Sijali. Nina mke!

Jumamosi, 9 Novemba
Mvua ya polepole. Hawa amenipaka samli viganjani, kidole kimoja kimoja. Hajacheka. Ameniuliza tu kama mbegu zitaota.

Nimemwambia mimi sibashiri tena.