Shikamoo ya Chumba cha Kamera

Ndugu yangu, leo nimeaibika!

Si nilikwambia naenda kupimwa utumbo mpana kwa kamera, maana baba aliondoka kwa saratani ya utumbo huo? Basi nimelala ubavu, makalio nje, mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo, mwalimu!"

Shikamoo! Nikiwa vile! Kumbe daktari ni yule Mtoro wa darasa la saba, niliyekuwa nikimpigisha magoti kila Jumatatu.

Nikaitikia "marahaba" huku nimeukodolea macho ukuta.

Akaniambia, "Mwalimu, leo usijikaze."

Usijikaze! Mimi!

Sasa sikiliza. Amekuta vinyama viwili vimeota humo, akavitoa palepale. Anasema vingeachwa, baadaye vingeweza kugeuka saratani.

Nimelia, rafiki yangu. Nimemkumbatia yule mtoto kwa nguvu, suruali sina.