Neno Moja Lililofunga Kisima

Jumapili, Agosti. Singida mjini.

Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi limejaa hadi kwenye vitufe vya kompyuta hii ya kafe ya intaneti. Kanisani sikwenda. Nimekuja kuandika jambo ambalo nimelikwepa majuma matatu.

Jana nilikwenda kijiji kimoja upande wa Mtinko, kutoa pole kwa mama aliyefiwa na mtoto wa miaka minne. Mtoto aliitwa Zuhura. Sikuwahi kumwona.

Lakini mkono wangu umo katika kifo chake.

Kazi yangu ni kupima maji. Mwezi wa sita nilipima kisima cha pampu cha kijiji hicho, nikakuta madini ya floraidi yamezidi. Mtoto akiyanywa maji hayo miaka mingi, meno yanageuka rangi ya kahawia, na mifupa inaweza kupinda. Hayamuui mtu kwa siku moja wala kwa mwezi. Niliwaandikia wakubwa kwamba watoto watafutiwe maji mengine ya kunywa, na kwamba wakati hayo yanatafutwa, kisima kiendelee kutumika.

Ndipo akaja Jumanne na kinasa sauti chake. Ni mwandishi wa redio mpya ya hapa mjini, kijana mpole, ananiita dada. Zamani tulikuwa na redio ya serikali tu. Siku hizi zinafunguliwa za watu binafsi, na kila moja inataka kuwa ya kwanza na habari.

Nikiri: nilifurahi. Siku ile nilivaa kitenge kipya, kana kwamba redio inaonyesha sura.

Niliongea karibu nusu saa. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo, dada, tuseme ni sumu?"

Nikamjibu, "Kitu chochote kikizidi mwilini ni sumu, hata chumvi. Lakini maji haya hayaui."

Kesho yake jioni nilikuwa nachambua mchicha nilipoisikia habari ile redioni. Mtangazaji alisema mtaalamu amethibitisha hatari katika kisima cha kijiji. Kisha sauti yangu mwenyewe: "Ni sumu."

Basi. Chumvi haikuwemo. Na ile "lakini" yangu haikuwemo.

Kwa majuma haya yote nimemwambia kila mtu kwamba waandishi wa habari wameniharibia. Ni kweli, lakini si kweli yote, na hii iliyobaki ndiyo inayoninyima usingizi.

Jumanne alirudi asubuhi iliyofuata. Hakukaa hata kwenye kiti. Alisema mhariri ndiye aliyekata, na kwamba yeye amegombana na mhariri huyo mpaka akapewa dakika tano hewani. "Dada, twende studio sasa hivi, uwaambie watu vizuri."

Mkuu wangu alikuwa ameshanikataza kufungua mdomo. Barua ya ufafanuzi ingeandaliwa, alisema. Nikamwambia Jumanne aende kwa mkuu. Akaenda, hakupokelewa. Siku ya pili akaja tena, nikamjibu vile vile.

Mara ya tatu alisimama mlangoni. "Wameifunga pampu kwa mnyororo, dada. Wanachota lamboni."

Nalijua lambo lile. Ng'ombe wanaingia humo hadi tumboni, na Agosti maji yake yanabaki tope. Katika mkoa huu wote, nani alijua kuliko mimi yaliyomo katika maji yale?

Nikasema barua inakuja.

Baada ya hapo Zuhura akaharisha na kutapika siku mbili. Ya tatu wakamzika.

Jana bibi yake alinipokea, nikamwamkia shikamoo, akanipa kigoda. Mama yake alitoka ndani, akaniangalia. "Sauti hii naijua," akasema. "Wewe ndiye wa redioni."

Nikasema ndimi.

"Mnyororo niliufunga mimi. Nipo kwenye kamati ya maji. Nilimnywesha mwanangu maji ya lambo nikijua namwokoa." Hakulia. Alikuwa anafuta mikono kwenye kanga, anafuta tu, ingawa haikuwa na maji. "Kwa nini hukuja mwenyewe kutuambia?"

Nikaanza kueleza habari ya barua.

"Barua gani?"

Haikuwa imefika. Huenda bado iko kwenye meza ya mtu, inasubiri muhuri.

Nikawaeleza yote pale pale uani: meno, mifupa, miaka, chumvi. Nikawaambia wafungue pampu. Mama Zuhura akanisikiliza hadi mwisho.

"Juzi ulisema ni sumu, leo unasema hayaui. Nimwamini yupi?"

Bibi ndiye aliyesema, taratibu, kwamba kama neno lilitoka redioni, basi na hili nalo likatokee huko huko, watu wote walisikie.

Leo saa nne asubuhi niliingia studio. Sikumwomba mkuu ruhusa. Nilimwomba Jumanne iwe moja kwa moja, bila kukata, akakubali. Nilisema maji yale yana tatizo gani na hayana tatizo gani. Nikasema pia kwamba niliombwa mara tatu kulirekebisha neno langu, nami nikakataa kwa kuogopa kazi yangu. Jumanne aliinamisha kichwa. Tulipomaliza alinishika mkono.

Mchana mkuu amenipigia simu. Nimetakiwa ofisini kesho saa mbili, nikiwa na maelezo ya maandishi. Nitayaandika kama nilivyoandika hapa.

Muda mfupi uliopita Jumanne amepita kunipa habari. Amempigia simu mwenyekiti wa kijiji. Mnyororo umekatwa, na foleni ya ndoo imekuwa ndefu tangu saa saba.

Nikamuuliza kama Mama Zuhura yumo.

Hayumo. Ameonekana anakwenda lamboni na ndoo yake kichwani, wala hakugeuka alipoitwa.